Mstari wa Uvira

Katika saluni ya Mama Ghislaine kule Point, Durban, kulikuwa na viti vitatu vya kunyolea, na mwaka 2012 viwili kati yake vilikuwa na kazi. Cha tatu, kilichokuwa karibu na beseni la kuoshea nywele, kilikuwa cha Urbain.

Si kwamba Urbain alikuwa mvivu. Alifika kabla ya wote, akapangusa kioo chake, akazipanga rola zake kuanzia nyembamba hadi nene, akavaa koti jeupe kama la daktari wa meno, kisha akasimama nyuma ya kiti kitupu na mikono mgongoni. Alisimama kwa heshima kubwa. Mpita njia aliyechungulia dirishani angedhani kwamba pale pameketi mheshimiwa fulani asiyeonekana kwa macho.

Alikuwa mtu wa Uvira, mrefu, mwembamba, mwenye miaka arobaini na kitu, na kichwani alikuwa na kalikiti. Msomaji kijana huenda asijue kalikiti ni nini, na wazazi wake wana sababu nzuri za kutomwambia. Ni zile nywele ambazo Wamarekani weusi walizipenda miaka ya themanini: zinalainishwa kwa dawa, zinazungushwa kwenye rola, kisha zinanyweshwa mafuta na maji kila siku, Jumapili ikiwemo, mpaka zining'inie mawimbi mawimbi, ziking'aa na kudondoka. Mwenye kalikiti alijulikana kwa kola iliyolowa, na kwa alama ya mviringo aliyoiacha ukutani katika kila nyumba aliyowahi kualikwa kuketi. Marekani yenyewe iliuacha mtindo huo zamani, ikaendelea na mambo mengine bila kugeuka nyuma.

Urbain hakupendezwa na tabia hiyo.

"Nchi kubwa namna ile," alikuwa akisema, "na haiwezi kushika kitu kimoja."

Zaidi ya kalikiti, alikuwa na mstari. Ulikuwa na upana wa kidole cha mwisho, umenyolewa mpaka kwenye ngozi. Ulianzia kisogoni, ukapanda, ukapasua mawimbi, lakini si katikati. Ulielemea kushoto, ukateremka kwenye paji la uso juu ya jicho. Hapo nywele ziliisha. Mstari haukuisha. Siku za kazi Urbain aliufikisha kwenye nyusi ya kushoto, ambayo aliigawa vipande viwili, akauachia hapo. Sikukuu aliuendeleza kwa poda ya watoto, ukapita kwenye kope, ukashuka shavuni mpaka kwenye taya.

"Ni mtindo wa Marekani," aliwaeleza waliouliza. "Wa zamani. Watu wa sasa hawaujui."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli tupu.

Mambo yalianza hivi. Mwaka 1986 Urbain, kijana mwenye kibanda cha kunyolea mtaa wa Mulongwe, alinunua koti kutoka kwenye robota la nguo kuukuu. Lilikuwa koti la majira ya baridi, zito kama godoro, na Uvira haina majira hayo, kwa hiyo ni vigumu kusema alikuwa na mpango gani. Katika mfuko wa ndani alikuta bango lililokunjwa mara mbili. Alipolifungua alikuta uso wa mwimbaji wa Kimarekani, mkubwa kama sinia la pilau, kalikiti imejaa mpaka mabegani, na tabasamu la mtu ambaye hajawahi kupanga foleni. Jina lake lilikuwa limeandikwa chini, na panya walikuwa wameanzia chini. Uvira ikampenda hivyo hivyo bila jina, ikamwita Mwenyewe.

Karatasi iliyokunjwa kwa miaka haisahau. Palipokunjika wino ulikuwa umebanduka, pakabaki mstari mweupe kutoka utosini mwa Mwenyewe hadi kwenye taya. Aliyelikunja hakuwa mtu makini, ndiyo maana mstari haukupita katikati bali kushoto. Msomaji ameshaelewa. Uvira haikuelewa. Uvira ilisimama mbele ya bango, ikatazama, ikaona kitu ambacho Wamarekani hufanya.

Kulikuwa na mkunjo wa pili, wa kulala, uliopita shingoni. Huo ulizua mabishano. Wako waliosema ni mkufu. Urbain alikata shauri kwamba ni jambo binafsi la Mwenyewe, akauacha.

Dawa halisi za kalikiti hazikufika Mulongwe. Urbain alitumia gliserini ya duka la dawa, na ilipoadimika alitumia mawese, ambayo yalifaa kabisa isipokuwa mteja alinukia maharage na aliandamana na nzi. Hakuna aliyelalamika. Katika miaka miwili mstari ulivuka mpaka hadi Bujumbura. Harusini, upande wa bwana harusi ulitambulika kutoka mbali. Paroko mmoja alimnyima mtu komunyo kwa sababu ya poda, akampa baada ya kuelezwa kwamba ni Marekani. Ndoa changa zilitikisika kwa ajili ya poda iliyoonekana kwenye shavu lisilohusika.

Kisha, mwaka 1996, vita ilifika, na watu wakaondoka na walichoweza kubeba. Urbain alibeba rola. Bango lilibaki ukutani. Alipita Kigoma, akapita Malawi na Msumbiji, na kila alipofika aliona nywele za watu zikizidi kuwa fupi. Alipoingia Durban aliona kwamba yeye ndiye amebaki na mali yote.

Tatizo la kubaki na mali yote ni kupata mnunuzi. Mwezi wa nane mwaka huo wa 2012, Mama Ghislaine alimwita. Alikuwa mwanamke wa Bujumbura, mnene, mwenye haki, aliyeongea polepole ili asilazimike kurudia.

"Papa Urbain, kaa."

Urbain akavitazama viti vya bosi wake. "Kwenye kiti cha mteja, patronne?"

"Kwani iko mteja?"

Akaketi.

"Doudou iko na rafiki yake," alisema Mama Ghislaine. "Anajua fade, zile za kufifia pembeni, anajua kuchora nyota, anajua kuchora alama ya gari. Anatafuta kiti. Nimemwambia aje mwanzo wa mwezi wa kumi."

"Kiti gani?"

"Viti viko vitatu, Papa Urbain. Hesabu mwenyewe."

Doudou, kinyozi wa kiti cha kwanza, mtoto wa Kinshasa mwenye mashine mbili kiunoni kama askari wa sinema, alikuwa akimnyoa mtu na hakuona sababu ya kunyamaza.

"Vieux, mzee wangu, usikasirike. Nani anataka kichwa kinachovuja? Juzi client wangu aliniuliza kama kuna bomba limepasuka."

"Client wako hana utamaduni."

"Iko na gari. Viti vya ngozi. Ukimpaka hayo mafuta yako, atauza gari na nywele pamoja."

"Mwaka themanini na saba," alisema Urbain, "watu walilala mlangoni kwangu."

"Labda mafuta yaliwatelezesha wakaanguka."

Hata Mama Ghislaine alicheka, halafu akaomba radhi, halafu akasema kwamba mwanzo wa mwezi wa kumi unabaki pale pale.

Aliyeleta tumaini alikuwa Bertrand, fundi simu wa duka la jirani, naye mtu wa Uvira, mwenyekiti wa chama cha watu wa Uvira na Bujumbura katika kanisa lao kule Berea. Kila tarehe ishirini na nne mwezi wa tisa Afrika Kusini huadhimisha Siku ya Urithi: watu huvaa mavazi ya mababu zao na kuchoma nyama. Kila mwaka chama kilijadili kionyeshe nini, na kila mwaka Warundi walitaja ngoma, Wakongo wakauliza kwa nini kila kitu ni ngoma, kikao kikaahirishwa.

Mwaka huo Bertrand alisimama.

"Ndugu zangu, tuseme ukweli. Mimi nikifumba macho nikakumbuka ujana wangu, sioni ngoma. Naona kalikiti. Naona suruali pana juu, nyembamba chini. Naona Mwenyewe. Huo ndio urithi niliokulia. Wa babu nilikuwa nausikia tu."

Ikapitishwa kwamba Siku ya Urithi chama kitafanya Alasiri ya Marekani ya Zamani, na shindano la kichwa bora, zawadi yake pasi ya umeme. Bahati nzuri kanisa lilikuwa na mgeni, shemasi mzee kutoka Ohio, aliyekuja na mkewe kuona jinsi michango ilivyotumika. Akaombwa awe mwamuzi. Alikubali, kwa kuwa alidhani ameombwa kufungua kwa sala.

Mama Ghislaine aliposikia, alimwita Urbain tena.

"Nakupa nafasi moja. Kichwa kitakachoshinda kikiwa cha mkono wako, unabaki hapa. Kikiwa cha mwingine, unampisha yule kijana, bila kununa."

Urbain alifikiri.

"Kumpisha, sawa," alisema. "Kununa siwezi kuahidi."

Kwa mara ya kwanza baada ya miaka kiti cha tatu kilijaa. Walikuja waliokuwa vijana mwaka themanini na saba, kila mmoja akitazama nyuma kabla ya kuingia. Shida ilikuwa malighafi. Muda ni mrefu kwa watu, lakini kwa nywele ni mrefu zaidi. Vénérand, Mrundi anayeuza kava za simu, alivua kofia, na Urbain akamtazama kama fundi mwashi anayeonyeshwa kiwanja chenye mwamba.

"Zimebaki za pembeni," alisema Vénérand.

"Naziona."

"Unaweza?"

Urbain alizungusha za pembeni kwenye rola nyembamba kuliko zote, na juu, ambako hapakuwa na kitu cha kunyoa, akapitisha mstari kwa poda tupu, ukavuka upara kama barabara ya jangwani. Vénérand alijitazama kwenye kioo muda mrefu, akapigapiga masikio yake mawili yaliyofunikwa mawimbi, akasema, "Mke wangu hatanijua."

"Atakujua," alisema Doudou. "Atakataa tu."

Bertrand alikuwa na nywele nyingi, ila zote nyeupe. Kalikiti ilipokolea alifanana na mwanakondoo aliyenyeshewa. Wakazipaka rangi nyeusi. Hakuna aliyefikiria nini hutokea rangi inapokutana na mafuta, na mafuta yanapokutana na jua la Durban.

Doudou naye hakukaa bure. Alifungua simu yake, akatafuta picha za miaka hiyo, akamnyoa Pacifique, mwanafunzi aliyepanga chumba Berea, kichwa cha mraba: kuta zimesimama wima, juu tambarare kama meza. Alikipima kwa rula ya fundi seremala. Akaweka juu yake chupa ya Fanta, iliyofunguliwa. Chupa ikasimama. Pacifique akatembea saluni nzima na kurudi, na Fanta haikumwagika.

Usiku huo Urbain alizipanga rola zake mara mbili.

Siku ya Urithi ilikuwa Jumatatu, jua kali, upepo mdogo. Kwenye geti la kanisa alisimama mlinzi wa Kizulu aliyevaa ngozi za mababu zake na, juu ya ngozi, fulana ya njano inayoakisi mwanga, kwa sababu kampuni ilikuwa imesisitiza. Aliona wanaume kumi wakipanda kilima cha Berea, suruali pana juu na nyembamba chini, vichwa vinametameta, na kwenye kila shavu la kushoto mstari mweupe. Akawasimamisha kwa adabu.

"Baba," alimuuliza Urbain kwa Kiingereza, "huu ni utamaduni wa wapi?"

"Uvira," alijibu Urbain.

Mlinzi aliitikia kwa kichwa, kama mtu wa mila anavyomwitikia mtu wa mila. "Sharp," akasema, yaani sawa, akafungua geti.

Ukumbi ulikuwa umepambwa na Henriette, mke wa Bertrand, anayeuza vitu vya zamani kwenye mnada wa Jumapili kule ufukweni. Alikuwa ametundika sahani za santuni, kaseti zilizonyofolewa utepe, na mpira wa vioo wa disko uliozunguka kama unaokumbuka enzi zake. Na kwenye ukuta wa mbele alikuwa amefunika kitu kwa kitenge. Alikuwa na siri yake. Wiki mbili kabla, katika shehena ya mzee mmoja Mhindi aliyefunga duka lake la santuni, alikuta mrija wa maboksi, ndani yake bango limeviringishwa, halijaguswa tangu litoke kiwandani. Alimtambua mara moja. Alilia pale pale mbele ya wateja. Hakumwambia mumewe wala Urbain. Alitaka kuona sura zao.

Aliziona.

"Ndugu zangu," alisema Henriette, "Uvira iko hapa," akavuta kitenge.

Alikuwa Mwenyewe. Uso kama sinia, mawimbi mpaka mabegani, tabasamu lile lile. Shangwe zilianza nyuma ya ukumbi, zikafika katikati, zikafa kabla ya kufika mbele. Kwa sababu utosini hapakuwa na mstari. Kwenye nyusi hapakuwa na mstari. Shavu la Mwenyewe lilikuwa safi kama la mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Wanaume kumi wenye poda walitazamana, mistari kwa mistari.

"Hii ni picha ya kabla hajanyoa," alisema Bertrand. Rangi ilikuwa imeshaanza kumteremka, na sasa alikuwa na mistari mitano, minne ikiwa myeusi.

"Siye," alisema Vénérand. "Ni mdogo wake. Angalia masikio."

"Masikio yamefunikwa, papa," alisema mtu nyuma.

"Ndiyo nasema. Yule mwingine yalifunikwa vizuri zaidi."

Urbain alikuwa amesogea mpaka karibu kabisa. Chini ya bango, pale ambapo panya wa Mulongwe walianzia, jina lilikuwepo. Alilisoma. Lilikuwa jina la kawaida, la mtu ambaye angeweza kuwa karani. Halafu akainama, akachungulia shavu, akapitisha kidole kuanzia utosini hadi kwenye taya, pale pale, upande wa kushoto, taratibu. Mtu aliyesimama kando yake alimwona akihesabu kitu kichwani: koti, mfuko, mkunjo.

Angeweza kukubali habari ya mdogo wake. Ukumbi ulikuwa tayari kuiamini, na kiti chake kilikuwa kinaning'inia hapo.

"Ni yeye," alisema. "Iko yeye kabisa. Ile yetu ilikuwa imekunjwa."

Doudou, ambaye alikuwa amejitahidi asicheke, akashindwa.

"Yesu wangu! Vieux! Watu wazima! Mumetembea miaka yote hiyo na mkunjo wa karatasi usoni!" Alishika ukuta. "Na poda! Mumenunua poda!"

Pacifique naye alicheka, lakini kwa uangalifu, kwa sababu ya Fanta iliyokuwa tena kichwani. Wake za wale wanaume kumi walianza kucheka mmoja mmoja, na Vénérand alianza kujifuta shavu kwa kiganja.

"Acha," alisema Urbain.

Vénérand akaacha.

Urbain akabandua bango ukutani. Henriette alishtuka, akasema, "Papa Urbain, liko safi hilo, taratibu," naye akamjibu kwamba ndiyo, usafi huo ndio shida yake. Akalilaza juu ya meza ya soda. Akalikunja kwa kulala, akalikunja kwa wima, si katikati, kushoto kidogo. Akalikandamiza kwa kucha. Akaliweka sakafuni, akakanyaga kwa kisigino cha kiatu chake cha sikukuu, akageuka na kukanyaga tena, kwa subira, kama mtu anayesindilia udongo wa msingi. Kisha akalifungua na kulirudisha ukutani.

Wino ulikuwa umebanduka. Mstari ulianzia utosini, ukashuka juu ya jicho la kushoto, ukapita shavuni mpaka kwenye taya.

"Sasa ndiye," alisema Vénérand.

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga makofi, walipiga meza, mama mmoja wa Bujumbura aliyesema yeye haoni vizuri alisema sasa anaona. Wanaume wazima walipanga foleni kupigwa picha kando ya Mwenyewe. Bertrand alilia, na machozi yalipopita kwenye ile rangi yalimharibu kabisa.

Aliyekuwa hajaelewa lolote ni mgeni. Shemasi wa Ohio alikuwa ameketi mbele kwenye kiti cha plastiki, mzee mpole, upara juu na mvi pembeni, akitabasamu kwa watu wote kwa zamu. Bertrand akamweleza kwa Kiingereza chake cha duka la simu, chote: koti, panya, mkunjo, poda. Mgeni alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama, akaongea, na Bertrand akatafsiri.

"Anasema mwaka themanini na nne alikuwa na kalikiti."

Minong'ono.

"Anasema mama yake alifunika makochi yote kwa nailoni. Anasema alimpeleka msichana sinema, msichana akaegemea bega lake, na baada ya picha hakuonekana tena... hapana, samahani. Hakutaka kumwona tena." Bertrand alisikiliza kidogo. "Anasema mstari hajawahi kuuona, Ohio nzima. Anasema wajukuu wake wakiona picha zake wanacheka mpaka wanakaa chini. Huko kwao hakuna tena mtu wa kuongea naye jambo hili." Akasikiliza tena, akakunja uso. "Anauliza kama kuna nafasi."

"Nafasi ya nini?"

"Anataka kunyolewa."

Urbain hakwenda popote bila begi lake. Alimkalisha mgeni kwenye kiti kile kile cha plastiki, akamfunga kitenge cha Henriette shingoni. Kalikiti haikuwezekana, muda haukuwepo na nywele pia hazikuwepo. Lakini mstari ulikuwepo. Alianza kisogoni, akapasua mvi kwa wembe, akapanda juu ya upara kwa poda, akaigawa nyusi ya kushoto, akateremka. Mgeni alifumba macho muda wote.

Ikabaki kutoa uamuzi. Washindani walisimama mbele, na mgeni aliwatazama mmoja mmoja, akatafakari, akasema kitu kifupi.

"Anasema wote mmeshinda," alitafsiri Bertrand.

Ukumbi ulinung'unika. Watu walikuwa wameacha nyama inachomwa nje.

"Huyu ni mwanasiasa!" alipaza mtu.

Mama Ghislaine akanyanyuka, akachukua kipaza sauti. "Basi makofi yataamua. Mimi nitasikiliza. Doudou, weka mikono yako mfukoni, nakuona."

Bertrand alipata makofi ya huruma. Vénérand alipata makofi mazuri, na mkewe aliyapiga kuliko wote, jambo lililomshangaza. Kisha Pacifique akasogea hatua tatu, akachutama, akainuka, Fanta imetulia kichwani, na vijana wote wakasimama juu ya viti. Yalikuwa makofi makubwa. Doudou alikunja mikono. Urbain alikuwa anafunga vifungo vya begi lake, kimoja baada ya kingine, hakuna haraka.

"Na mgeni je?" aliuliza yule mama asiyeona vizuri.

"Mgeni ni mwamuzi," alisema Doudou.

"Alikataa kuamua. Kwa hiyo si mwamuzi. Ni mtu tu mwenye kichwa."

Mgeni akasukumwa mbele. Alisimama chini ya bango, mstari wake chini ya mstari wa Mwenyewe, poda mbichi shavuni, akainua mkono kuwasalimu kwa aibu. Kelele iliyofuata iliwafanya wachoma nyama waje kuchungulia. Mlinzi wa getini naye alikuja, na ngozi zake, akaona, akapiga mguu chini kwa nguvu.

"Pasi ni ya shemasi," alitangaza Mama Ghislaine.

"Eish, patronne!" Doudou alikuwa amesimama. "Hajaandikishwa! Na hana nywele! Umempa zawadi ya nywele mtu asiye na nywele!"

"Nilisema kichwa. Nani alitaja nywele?" Akamgeukia Urbain. "Papa Urbain. Kichwa ni cha mkono wako, nimeona kwa macho. Unabaki."

Urbain akaangalia begi.

"Ila kiti sina," alisema Mama Ghislaine. "Yule kijana nilishapokea neno lake, na mimi neno langu nililitoa. Iko nafasi pale karibu na beseni, pembeni, mtu anatosha. Kiti utakuja nacho mwenyewe."

Bertrand, akiwa mwenyekiti, alitazama huku na huku, akasema kanisa lina viti vya plastiki mia na kimoja kimepasuka mgongo, na kwamba kama mwenyekiti hajaona kitu. Kwa hiyo alasiri ile Urbain aliteremka kutoka Berea kwa miguu, kiti cheupe kichwani miguu ikitazama mbinguni, mafuta yakilowesha plastiki. Kwenye robot ya kwanza, kama Durban wanavyoziita taa za barabarani, magari yalisimama hata taa ilipokuwa kijani.

Kesho yake asubuhi alifika kabla ya wote. Alikipangusa kiti cha plastiki, akakiweka katikati ya beseni na ukuta. Akazipanga rola, akavaa koti jeupe, akasimama nyuma yake na mikono mgongoni. Kiti kilikuwa kifupi, ikambidi ainame kidogo, na kuinama kulimfanya aonekane kama mtu anayenong'onezwa.

Mama Ghislaine aliingia, akafungua madirisha, akamtazama. Poda ilikuwa mpya, kutoka kwenye nyusi hadi kwenye taya, na siku haikuwa sikukuu.

"Papa Urbain, iko client mlangoni. Shemasi wa jana na mke wake. Nenda unawe uso kwanza."

"Ndiyo, patronne," alisema Urbain, akaenda kwenye beseni, akafungua maji, akanawa upande wa kulia.